Nati Tatu za Papa Kasereka

Watu husema kumbukumbu ni kazi ya wazee. Mimi nina miaka kumi na saba, niko mwaka wa mwisho wa sekondari, meno yangu yote yapo, na kwa haki ningekuwa naandika devoir, ile kazi ya nyumbani, ya kemia sasa hivi. Lakini Jumapili iliyopita tulisoma arobaini ya Tantine Mwamini, shangazi yangu fundi wa magari, pale pale uani kwake Makiso, mtaa wa Kisangani, na tangu siku ile kemia imekataa kuingia kichwani. Wanaume walikaa chini ya bâche, lile turubai, upande wa barabara, wanawake nyuma karibu na jiko, na mimi katikati nikiwa na sinia la chai, kwa sababu kwenye familia yetu msichana mwenye mdomo mrefu hupewa kitu kizito cha kubeba ili anyamaze. Baada ya dua watu wakaanza kumsifu marehemu, kila mtu kwa zamu, na zamu ikamfikia Tonton Bosco, fundi wa garage iliyo ng'ambo ya barabara, adui yake wa miaka yote. Akasimama, akavua kofia, akasema: "Huyu mama, mu maisha yake yote ya ufundi, alivunja goujon moja tu. Moja! Miye hapa, hata kuhesabu niliachaga." Watu wakacheka, wakasema amina. Goujon ile moja niliijua. Nilikuwa nayo mfukoni.

Nieleze, maana si kila mtu amelala chini ya gari kuukuu. Bomba la moshi la gari limeshikwa kwenye injini kwa vijiti vya chuma vyenye uzi, hivyo ndivyo goujon, na juu ya kila kijiti kuna nati, sisi tunasema écrou. Hapo ndipo gari linapopata moto kuliko mahali pote. Chuma kinakuwa chekundu, kinapoa, kinanyeshewa, kinakuwa chekundu tena, mwaka baada ya mwaka, mpaka siku moja nati na kijiti wanasahau kwamba walikuwa watu wawili. Fundi akija na nguvu zake, nati haifunguki. Kijiti ndicho kinakatika, kipande kinabaki ndani ya injini, na hapo tena ni kilio. Garage zote za mji huu zina hadithi hiyo. Kwa Tonton Bosco ilikuwa hadithi ya kila wiki. Alikuwa na bomba refu kuliko yeye mwenyewe, akiliita Mwalimu, analivisha kwenye mkono wa spana na kulining'inia kama mtu anayechuma matunda, na sisi upande wa pili tukiwa tunakula tunasikia tak!, kisha kimya, kisha Bosco akiwatukana wazazi wa gari.

Mwaka niliopelekwa kuishi kwa Tantine nilikuwa na miaka kumi na tano. Sababu ya kupelekwa tuiache. Nilifika na begi moja na sifa mbaya. Chumba cha mbele kilikuwa na televisheni iliyokaa juu ya gearbox, na gearbox hiyo ilikuwa imevishwa kitambaa cha kufuma, cheupe, kilichopigwa pasi. Chini ya kitanda chetu (tulilala kitanda kimoja, yeye ukutani, mimi upande wa kuanguka) kulikuwa na mabeseni mawili yanayofanana, moja la vyombo, moja la kabureta, na ole wako ukikosea. Nilikosea siku ya pili. Ule pondu, majani ya muhogo, nilioula na ladha ya petroli nautambua mpaka leo. Tantine alikuwa mfupi, mnene, anavaa kitenge juu ya suruali ya kazi, na mkono wake wa kulia ulikuwa mkubwa kuliko wa kushoto, sijui kwa sababu ya spana au kwa sababu ya kutwanga lituma. Ndizi za kuchemsha zilipoingia kwenye kinu chake hazikuwa na la kusema. Alipenda mpira wa redio, aliiba kwenye mchezo wa dama mbele ya macho yako, na aliniita Comédie tangu dakika ya kwanza. "Comédie, karibu. Hapa batu wanacheka kiisha kazi. Mbele ya kazi, hapana."

Mimi nilidhani nitacheka muda wote. Kisha mvua kubwa ya kwanza ikanyesha, mwezi wa tisa, na asubuhi yake nikaamka nikakuta magari yamepanga foleni mlangoni. Magari ya zamani tu, yale ambayo ukiyatazama unayaombea. Hakuna hata moja lililokuwa bovu. Wenyewe walikuja kwa desturi. Mvua ya kwanza, unampelekea Mwamini gari asalimie. Ndivyo walivyosema: asalimie. Tantine akainua boneti ya kwanza, akatia spana kwenye nati ya bomba la moshi, akaifungua nusu mzunguko, akapaka kitu cha kijivu kwa kijiti cha kiberiti, akaifunga tena. Akaenda nati ya pili. Nikamuuliza kwa nini anafungua kitu kizima. Nilikuwa na kicheko tayari mdomoni.

"Écrou yenye haisalimiwe," akasema bila kunitazama, "inasahau kama iko écrou. Inaanza kujiona iko jiwe. Siku utaihitaji, inakuuliza: weye nani?"

Kicheko kikarudi kilikotoka. Nilikaa juu ya ndoo nikitazama mkono ule asubuhi nzima, gari baada ya gari. Nati zilizopitia moto wa miaka ishirini, labda thelathini, zilikuwa zinageuka kwa vidole viwili, bila kelele, kama kifuniko cha chupa ya dawa. Ng'ambo ya barabara Bosco alikuwa amening'inia kwenye Mwalimu. Mimi nimekulia mji wenye mto unaomeza miti mizima, na hata huo sikuwahi kuutazama namna ile.

Kile kitu cha kijivu ndicho kilikuwa siri yake, ingawa hakukificha. Betri za tochi zikifa, ndani yake kuna kijiti cheusi katikati. Tantine aliwaambia walinzi wote wa maduka ya Makiso wamtunzie betri zilizokufa. Alivunja, akatoa vile vijiti, akavisaga kwenye kinu kidogo mpaka vikawa unga mweusi laini kuliko poda, kisha akachanganya na dawa nyeupe ya tumbo, ile ya maji mazito wanayokunywa watu wenye kiungulia. Ile dawa ikikauka inabaki unga usioungua. Chuma kinaweza kuwa chekundu mara elfu, unga ule uko pale pale kati ya nati na kijiti, unawazuia wasikumbatiane. Aliiita pâte tu, akaihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Kopo moja lilimchukua miezi kulijaza. "Grisi inaungua," alinifundisha. "Mafuta inaungua. Kitu yote yenye inaungua, inaacha gundi. Tia yenye imesha kuungua zamani, au yenye haijuwake kuungua." Alinifundisha na kufunga: kwanza kwa vidole mpaka mwisho, maana uzi uliopotoka unajulikana kwa vidole tu, kisha spana fupi (yeye aliita clé), usiongeze bomba, halafu injini izunguke, iwe moto, ipoe, ndipo ukaze mara ya mwisho. "Shika clé kama yai. Haiko kama mutu yenye amekuibia."

Sasa tunafika kwenye upumbavu wangu.

Katikati ya uwanja wa shule yetu kuna nguzo fupi ya saruji ambayo zamani ilibeba sanamu ya mtu fulani. Mtu aliondolewa, nguzo ikabaki, na hakuna anayekumbuka alikuwa nani. Sikukuu ya shule ilipokaribia, mwezi wa kwanza, nikaona ni aibu nguzo kukaa bure. Asubuhi ile nikachukua kopo la Tantine juu ya kabati, nikajipaka uso, shingo, mikono na miguu, nikajifunga shuka nililolipaka pia, wenzangu wawili wakaninyanyua juu ya nguzo kabla ya wazazi kuingia. Nilikuwa jiwe kabisa. Dawa ya tumbo ikikauka inavuta ngozi, hata ukitaka kucheka huwezi, kwa hiyo kwa mara ya kwanza maishani nilionekana mtu wa heshima. Préfet, mkuu wa shule yetu, akapanda jukwaani, akahutubia, akafika kwenye neno "imara", akatafuta mfano, akaniona. Sijui alifikiri nimeletwa na nani. Akaninyooshea mkono akasema: "Imara kama hii sanamu yetu!" Wazazi wakapiga makofi. Vumbi la uwanja likapanda puani, sanamu ikapiga chafya, na mama mmoja wa mstari wa mbele akaruka viti viwili. Nilisafisha vyoo siku tatu, na kila siku ya hizo tatu ilikuwa halali yangu. Naisimulia bado kwa fahari. Ila kopo lilikuwa tupu.

Nilijua nitalijaza. Nilishaanza kuwazungukia walinzi kuomba betri. Lakini wiki ile ile Tantine akashikwa na malaria ya kulala, na Jumamosi Papa Kasereka akaja na pick-up yake. Papa Kasereka ni mfanyabiashara wa maharage na chumvi, mtu wa Kivu Kaskazini, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, mwenye haraka hata akiwa amekaa. Siku mbili kabla Tantine alikuwa amefungua bomba la moshi la gari hilo kubadilisha joint, yaani kile kipande kinachoziba moshi usitoke mahali pa kuungana. Ilibaki kufunga tu. Nati tatu. Tantine akanyanyua kichwa kwenye mto, akaniambia kupitia dirishani, meno yakigongana kwa homa: "Comédie. Paka pâte, funga na vidole, kiisha clé ndogo. Weye mwenyewe. Unajua." Hakuna mtu aliyewahi kuniambia *unajua*. Nilipaswa kumjibu: Tantine, pâte iko usoni mwa sanamu. Badala yake nilisema: "Ndiyo, Tantine."

Nikasimama uani na zile nati tatu kwenye kiganja. Kopo tupu. Na pale jikoni, chupa ya mawese, nyekundu, nzito, imeshika jua. Nani katika mji huu hajapaka mawese? Mtoto akiungua, mawese. Panga likishika kutu, mawese. Wale vijana wa toleka wanaobeba watu kwa baiskeli, mnyororo ukilia, wanasimama kwa mama wa mikate ya kukaanga, wanaomba tone moja la mawese, wanapaka, wanaendelea. Nikajiambia: kinachoteleza kinateleza. Nikapaka. Ziliingia vizuri ajabu, laini, zikimeta kama samaki wa kuoka. Nikafunga kwa vidole, kisha spana ndogo, kama yai. Kila kitu nilifanya sawasawa isipokuwa kile kimoja.

Wiki iliyofuata Tantine alikuwa amepona, amekaa uani anachambua pondu, na mimi niko kwenye chumba cha vipuri nikipanga boulons (bolti). Papa Kasereka akaingia. Ukuta ule ni wa mbao, kila neno linapita.

"Maman Mwamini," akasema akicheka, "gari yangu inanukia beignet. Ninakuambia ukweli! Nikisimama tu, batoto wanakimbilia na makopo."

Beignet, maandazi, hapa hukaangwa kwa mawese; nikaacha kupanga boulons. Upande wa pili mikono ya Tantine nayo ikaacha kuchambua, nilisikia majani yamenyamaza.

"Ulibeba mafuta juzi?" akauliza.

"Ah, miye kila wiki ninabeba mafuta. Bidon zangu zinavujaka."

"Bon. Basi iko mafuta imemwangika."

Jioni tulikula lituma na samaki. Alinitolea kichwa cha samaki, sehemu anayoipenda yeye. Kisha akauliza, akitazama sahani yake: "Ile gari ya Kasereka, ulipaka?" Nikasema nilipaka. "Ulipaka nini?" Nikasema: "Pâte, Tantine." Akatikisa kichwa, akaendelea kula. Nilimeza kichwa cha samaki na macho yake yote mawili. Baada ya mwezi kopo lilikuwa limejaa tena mpaka juu, nimesaga mwenyewe, nimenunua dawa ya tumbo mwenyewe, na unga wangu ulikuwa laini kuliko wake. Nikafikiri nimemaliza. Ila nati tatu zilikuwa zinazunguka mji. Nikienda shule nazikuta zimesimama kwenye benki. Nikitumwa sokoni zinanipita kuelekea bandarini, zimebeba maharage. Nilijifunza kutambua mlio wa gari lile kutoka mbali, nikawa nageuza uso ukutani.

Mwezi wa sita gari lilikuja lenyewe. Joint ilikuwa imeanza kupiga mluzi, moshi unaingia ndani kwa dereva, na Papa Kasereka alishuka ameshika kichwa. "Tangu asubuhi ninaendesha nikisinzia," akasema. Tantine hakucheka. Moshi wa gari hauna adabu ya kukuamsha, unakulaza kidogo kidogo mpaka mwisho. Akaufunga mlango wa gari akasema halitoki hapa. Akainua boneti, akatia spana kwenye nati ya kwanza ili aisalimie.

Haikuitika.

Akajaribu ya pili. Akajaribu ya tatu. Akachomoa spana, akaangalia mkono wake kana kwamba mkono ndio umekosea. Kisha akakwangua mwisho wa uzi kwa ukucha, kikatoka kitu cheusi kinachong'aa, kigumu kama kioo, kama chini ya sufuria ya kukaangia ambayo haijasuguliwa miaka. Akakinusa. Mimi nilikuwa nimesimama karibu yake, nikimwangalia akinusa. Hakugeuka. Alisema tu, polepole: "Mm."

Mpaka saa sita barabara nzima ilijua kwamba Mwamini amekwama. Bosco alivuka na wasaidizi wake, na Mwalimu begani. "Ninakuletea Mwalimu, Maman. Hapana haya." Tantine akamwambia: "Mwalimu arudi kwake, kazi yake ni kulia kilio. Niletee chalumeau." Kuomba ule mtungi wa moto kwa Bosco kulimgharimu. Kisha akamgeukia Papa Kasereka: "Uko na bougie?" Papa Kasereka akaenda ndani ya gari akarudi na mshumaa wa kanisa, uliobarikiwa, aliokuwa anaupeleka nyumbani. "Iko ya baraka," akasema kwa wasiwasi. "Ndo vizuri," akajibu Tantine. "Hii kazi inaomba dini zote mbili."

Nilichokiona saa zilizofuata sijakiona tena. Aliipasha nati moto, nati peke yake, akizungusha mwali wa bluu kwa uangalifu kama mtu anayemnawisha mtoto uso, mpaka ikaanza kubadilika rangi. Akazima. Akangoja, midomo ikihesabu. Akagusisha mshumaa pale nati inapokutana na uzi, na nta ikayeyuka, na badala ya kudondoka chini, ikapanda. Naapa. Ikavutwa ndani, juu, kwenye nafasi ambayo jicho halioni, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Hata wasaidizi wa Bosco waliacha kutafuna. Kisha spana fupi. Sauti ndogo, kriii, na nati ikasogea upana wa unywele. Hakushangilia. Akairudisha ilikotoka. Akaisogeza tena, nywele mbili, akairudisha. "Kwenda na kurudi," alisema, hakumwambia mtu yeyote. "Usimukokote. Umuonyeshe njia." Nati ya kwanza ilitoka baada ya saa nzima, ya pili baada ya saa nyingine. Jasho lilikuwa linaanguka kutoka kidevuni kwake na kuchemka juu ya chuma, chss, chss. Nilikuwa mtu wa kucheka kanisani, msikitini na darasani, na pale sikucheka. Nilikuwa nimeshika kitambaa na mshumaa wa watu.

Ya tatu ilikuwa imejificha nyuma, mahali moto haufiki vizuri. Alipasha, akatia nta, mara tano, mara sita. Mwisho akatia spana akavuta kidogo, akasimama. "Comédie. Weka mukono yako juu ya yangu." Nikaweka. Mkono wake ulikuwa wa moto. Akavuta tena, kidogo sana, na kupitia vidole vyake nikasikia kitu: chuma kilikuwa kinakwenda, lakini hakikuwa kinazunguka. Kilikuwa laini. Laini kama lituma. "Unasikia?" akaninong'oneza. "Kama iko inakaza halafu inalia, iko inafunguka. Kama inakuwa laini na inanyamaza, iko inakufa. Ukumbuke hii. Batu wengi hawaisikiaka hata siku moja."

"Tuache, Tantine."

"Hatuwezi kuiacha. Moshi."

Alijaribu kuirudisha. Alikuwa amechelewa. Ilisema tak, sauti ndogo, ya karanga, na spana ikaja yote mikononi mwetu.

Barabara ikalipuka. Bosco aliruka juu kama aliyefunga goli. "Moja! Moja! Mwamini amekata goujon! Batu wa Kisangani, mushuhudie!" Alizunguka gari mara mbili. Kisha, akihema, akauliza swali ambalo fundi yeyote angeuliza: "Ila Maman, weye unapakaka zako. Hii nani aliifunga?"

Nilifungua mdomo. Nataka kusema kwamba nilifungua mdomo.

"Miye," akasema Tantine. Akafuta mikono. "Ni miye niliifunga. Nilikuwa na malaria."

Kesho yake alitoboa kile kipande kilichobaki, kwa mkono, taratibu, siku nzima, akatia kijiti kipya na nati mpya, pâte kutoka kopo langu. Gari likaacha kupiga mluzi, Papa Kasereka akaacha kusinzia. Kipande kilichokatika Tantine alikiweka kwenye sahani yangu wakati wa chakula, pembeni ya samaki, bila neno. Nikakitia mfukoni. Hakuniuliza kamwe, wala mimi sikusema. Na tangu asubuhi iliyofuata, kila asubuhi, Bosco akifungua garage yake alipaza sauti kutoka ng'ambo: "Bonjour, Mama Moja!" Na Tantine, akifagia mlangoni na kumhesabia goujon zake, alijibu: "Bonjour, Mia Mbili!" Barabara nzima ilisubiri salamu hiyo, hata toleka walipunguza mwendo. Mimi nilikuwa napiga mswaki karibu na mlango. Kila asubuhi nilitema mate haraka nikaingia ndani. Mwaka ukaisha, nikarudi kwetu, mwaka mwingine ukapita, moyo wa Tantine ukasimama akiwa anasikiliza mpira.

Kwa hiyo Jumapili, Bosco aliposema "moja tu" na watu wakacheka kwa upendo, niliweka sinia chini. Msichana hasimami upande wa wanaume siku ya arobaini, nilijua, na shangazi zangu walishaanza kunitolea macho. Nikaingiza mkono mfukoni nikatoa kile kipande.

"Tonton Bosco, hata hii moja haiko yake," nikasema. "Ni miye niliifunga. Nilimaliza pâte yake kwa michezo, nikapaka mawese. Alisema uongo kwa ajili yangu. Tantine hakuvunjaka hata moja. Iko zéro."

Papa Kasereka aliyekuwa anakunywa chai akashusha kikombe. Bosco alinitazama, kofia mikononi, na nikaona kwamba hashangai hata kidogo.

"Gari ilinukia beignet wiki nzima, mutoto wangu," akasema. "Mafuta ya kumwangika inanukia siku moja. Unafikiri fundi hana pua? Mwamini alijua. Miye nilijua. Kila asubuhi nikimwita Mama Moja, ni weye nilikuwa ninaangalia pale na mswaki yako. Yeye pia. Tulikuwa tunakungojea."

Nilikaa chini pale pale, kati ya viatu vya wanaume, na hakuna aliyenifukuza.

Usiku wa Jumatatu mvua ilinyesha, kubwa, ya kwanza. Asubuhi, kabla ya shule, nikapita kwa Tantine na ufunguo wa chumba cha vipuri, niliobaki nao tangu nilipoishi kwake. Pick-up ya Papa Kasereka ilikuwa tayari mlangoni, na nyuma yake nyingine, na nyingine, wenyewe wamesimama na miavuli, hawajui wamemjia nani. Kopo lilikuwa juu ya kabati. Nikainua boneti, nikatia spana fupi kwenye ile nati ya nyuma, nikaishika kama yai. Ikaitika.

Ng'ambo, mlango wa bati wa Bosco ukafunguka.

"Bonjour, Moja!" akaita.

Barabara ikageuka kunitazama.

"Bonjour, Mia Mbili," nikajibu, nikaenda kwenye nati ya pili.